Hati ya Syombua Niliyoikataa Mara Nne

Vijana wangu mlioapishwa uwakili juzi, nanyi makarani mnaokaa meza ya mbele na kupokea watu, sogezeni viti. Mnaniuliza kila mara nilipiga mihuri mingapi kabla ya kustaafu. Sijui, na sina haja ya kujua. Lakini zile mara nilizokataa kupiga, hizo nazikumbuka kama harusi za wanangu!

Nilifanya kazi hapa Machakos nikiwa wakili, kamishna wa viapo na notari. Notari ni yule wakili ambaye muhuri wake unakwenda mpaka ng'ambo. Afisa aliyeketi Kanada hajui soko letu liko upande gani, wala hajawahi kuona uso wa mama wa kule Mwala aliyesaini karatasi iliyo mbele yake. Anaamini kwa sababu ya alama ile nyekundu na jina lililo chini yake. Jina hilo lilikuwa langu. Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa mkali.

Ukali huo sikuzaliwa nao. Nilifunzwa na karani.

Bwana Musyoka alikuwa amewaona mawakili watatu wakistaafu kabla mimi sijafungua ofisi yangu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa. Alikuwa na umri wa baba yangu, akiniita "Wakili" kwa heshima zote, na alipiga taipu kwa vidole vinne tu kwa kasi iliyowashinda wenye kumi. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Wakili, mtu akikuharakisha, wewe funga droo."

Sikumsikia. Mwaka wangu wa kwanza, Bwana Musyoka akiwa ameenda posta, aliingia mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa suti na sauti ya upole. Alileta barua ya mama mmoja kumruhusu mtoto wake wa miaka sita asafiri ng'ambo na shangazi. Sahihi ya mama ilikuwa tayari chini. "Mama mwenyewe ako chini kwa gari," akasema, "mguu umefura, hawezi ngazi." Nikaona haya kumwambia mzee wa kanisa kwamba nitashuka nikahakikishe. Nikaandika kwamba mama huyo amesaini mbele yangu. Nikapiga muhuri.

Wiki tatu baadaye akaja mwanamke kijana aliyepanda ngazi zangu mbili mbili, miguu yote mizima. Akasimama mbele ya meza.

"Mama, ni wewe uliandika eti nilisaini mbele yako?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mimi uliniona wapi?"

Majaji wameniuliza maswali mengi maishani, lakini hakuna lililonikata maini kama lile. Mtoto wake alikuwa ameshasafirishwa bila yeye kujua, akarudi baada ya karibu mwaka mzima wa barua na mahakama. Niliandika kila barua mimi mwenyewe, na katika ya kwanza nilikiri kosa langu kwa maandishi. Nilipewa onyo na wakubwa wa taaluma. Nilistahili zaidi. Bwana Musyoka hakunigombeza. Alichukua kiti kimoja tu, akakiweka mbele ya meza yangu, akasema, "Hapa ndipo anakaa mwenye sahihi. Kikiwa kitupu, muhuri hautoki."

Basi tangu siku hiyo nikawa mwanamke mwingine! Nilimkatalia shemeji yangu, kwa sababu hati ilikuwa na faida kwangu na kwa mume wangu, na huwezi kuwa mchezaji na refa kwa wakati mmoja. Alininunia mpaka Pasaka. Nilimkatalia dereva wa lori aliyekuja mbio kutoka Mlolongo akitaka niandike tarehe ya juzi. "Ni siku mbili tu, madam, nani atajua?" Nikamwambia, "Bwana dereva, tarehe haina rivasi." Alicheka mpaka akakaa chini, akakubali tarehe ya siku ile, na kumbe ilimtosha.

Na nilimkatalia Hajji mmoja, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa akinunua ng'ombe Kithimani. Alileta hati iliyoandikwa Kiarabu, ya kwenda Saudia. Mimi Kiarabu sijui hata alifu. Nikatarajia ugomvi. Yeye akaitikia kwa kichwa polepole: "Uko sawa, mama. Mimi pia sinunui ng'ombe aliyefunikwa turubai." Akarudi baada ya siku nne na tafsiri iliyoapiwa, tukamaliza kwa dakika kumi. Wenye mifugo walinielewa upesi kuliko maprofesa.

Lakini mlitaka kisa kimoja cha kuwatosha. Haya, nawapa kile kilichonifanya nikimbie bila viatu katikati ya mji.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Septemba, miaka ya tisini, saa nne asubuhi. Akaingia mwanamke nadhifu, kama wa miaka thelathini, gauni la bluu lenye mshipi kiunoni, bahasha kubwa kifuani. Akaketi kwenye kile kiti.

"Habari ya asubuhi, Mama Wakili. Naitwa Syombua. Nimekuja kusaini hii ya bwanangu."

Mumewe, Mutiso, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kanada. Alikuwa ameenda miaka minne iliyopita na kurudi nyumbani mara moja tu, Krismasi iliyotangulia. Sasa alikuwa ameomba mke na watoto wamfuate. Wakili wake wa kule alikuwa ametuma hati ya kiapo ambayo mke alipaswa kusaini mbele ya notari: kwamba ni mke wake halali, na kwamba wana watoto wawili, Kyalo na Mwongeli. Faili lilikuwa linafungwa Jumatatu. Likifungwa bila hati hiyo, maombi yangeanza upya, na foleni ya kuanza upya haikuwa ya miezi, ilikuwa ya miaka.

"Na hati itafikaje kabla ya Jumatatu?" nikamuuliza.

"Kuna Mwalimu Kimeu, jirani yetu. Anapanda ndege leo kwenda kuona kijana wake huko huko. Anatoka hapa stendi saa kumi kamili. Ameapa hangoji mtu."

Kitambulisho kilikuwa sawa. Picha ilikuwa sawa, paji lile, nyusi zile, mwanya ule. Nilikuwa nimekwisha kuvuta droo. Basi nikasoma, kwa mazoea tu, ile barua fupi ya wakili wa Kanada iliyoambatanishwa. Iliniomba nimsaidie mke wa mteja wake, "ambaye ni mjamzito na anatarajiwa kujifungua mwezi huu."

Nikatazama juu ya miwani. Nikautazama ule mshipi. Tumbo lilikuwa bapa kama chapati!

"Hongera, Syombua," nikasema. "Ulijifungua lini?"

Akashika mshipi wake. "Eeh... wiki jana."

"Mungu ni mwema. Mtoto gani?"

"Kijana."

"Basi karatasi hii inasema uongo. Imeandikwa uko na watoto wawili, na wewe uko na watatu."

Taipureta ya Bwana Musyoka ikanyamaza kule nyuma.

"Hapana, ni wawili," akasema haraka. "Yaani, huyo mwingine..."

"Mama, chagua moja. Kama wewe ni Syombua, watoto ni watatu na hati ni mbovu. Kama watoto ni wawili, wewe si Syombua. Kwa vyovyote vile, siwezi kupiga muhuri."

Nilidhani atalia. Kwanza alicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa akiiba sukari, halafu ndipo machozi yakaja. "Aiya! Mama Wakili, mimi ni Nduku. Syombua ni pacha wangu. Ako hospitali, uchungu ulimshika alfajiri. Akaniambia, nenda na kipande changu cha kitambulisho, hakuna mtu atajua. Hata mama yetu alikuwa anatukosea! Tumetoka tumbo moja, uso ni mmoja. Sasa tofauti ni gani?"

"Tofauti ni kwamba anayeapa ni yeye. Ungeweka kalamu hapo, ungekuwa umeapa kwa jina la mtu mwingine. Hilo ni kosa la jela. Na wakigundua Kanada, dadako hataona mumewe kwa njia hiyo tena."

Akajifuta uso na ncha ya leso. "Kwa hivyo hutatusaidia."

Hapa, vijana, tegeni masikio. Nilimwambia, "Sijasema sitasaidia. Nimesema wewe hutasaini." Kukataa si kumfukuza mtu. Ukimwambia hapana, mwonyeshe papo hapo njia ya kufika kwenye ndiyo, kama ipo. Na siku hiyo ilikuwapo, umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu!

"Bwana Musyoka," nikaita, "ile taipureta ndogo inabebeka?"

Alikuwa amekwisha kuifunga kwenye sanduku lake. Alikuwa pia ametia mfukoni kaboni, karatasi safi na kidau cha wino. Nduku akamwangalia mzee yule akihema na ule mzigo wa chuma, akasema, "Mzee, lete," akauweka kichwani, tukashuka. Mbele Nduku na taipureta kichwani, katikati mimi na mkoba, nyuma Bwana Musyoka na kofia yake. Watu walitupisha njia.

Sista aliyesimamia wodi ya wazazi alikuwa mfupi, na alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Hii ni wodi ya wazazi, si korti."

"Sista, nataka kumwona tu."

"Kumwona ni bure. Hiyo mashine ikae nje."

Syombua alikuwa akitembea kwenye ukumbi mrefu, mkono mmoja ukutani. Ilikuwa kama kumwona Nduku amemeza tikiti maji. Aliponiona na karatasi alielewa kila kitu, akanyoosha mkono.

"Lete kalamu, Mama Wakili, haraka, kabla hii ingine haijakuja."

Akaishika kalamu yangu. Na ile nyingine ikaja. Alijikunja, akakamata ukuta, na kalamu ikavunjika mkononi mwake vipande viwili, wino ukamtiririka mpaka kiwiko. Ilipopita, akasema huku anahema, "Sasa. Lete ingine. Nitasaini."

"Hapana, mama."

"Nini?"

"Sasa hivi ungesaini hata hati ya kuuza hospitali hii. Mtu aliye katika maumivu haapi. Nitangoja."

Alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. "Wewe ni mwanamke kweli?"

"Nimezaa watatu, Syombua. Ndiyo sababu nakataa."

Akataka kunitukana, akacheka badala yake, na ile nyingine ikamkuta akicheka. Sista akamchukua, akatufungia mlango.

Tukangoja kwenye benchi. Saa sita. Saa saba. Bwana Musyoka alinunua mahindi ya kuchoma, akala safu moja moja kama anayesoma. Nduku alikimbia stendi kumsihi Mwalimu Kimeu aongeze nusu saa tu, akarudi jasho linamtoka: "Amesema ndege si mkutano wa harambee. Saa kumi ni saa kumi." Mimi nilikuwa nikijifanya mtulivu, lakini moyoni nilikuwa na vita. Ningeweza kumwachia asaini pale ukutani. Nani angejua? Mimi ningejua, na yule mama kijana aliyepanda ngazi zangu mbili mbili angejua pamoja nami.

Saa nane kasorobo kikasikika kilio. Benchi zima tukasimama, pamoja na watu wasiotuhusu! Nduku akamkumbatia Bwana Musyoka mpaka kofia ikaanguka.

"Msichana," akatangaza Sista. "Nipeni nusu saa nimsafishe."

Alituruhusu mimi na Nduku kuingia. Kwanza nikamuuliza Sista kama mzazi alikuwa amepewa dawa yoyote ya usingizi au ya kulewesha. Hakupewa hata moja. Kisha nikamgeukia Syombua na kumuuliza leo ni siku gani, mumewe anaitwa nani, na karatasi hii ni ya nini.

Alikuwa amelala ubavu, mtoto kwapani. "Leo ni Ijumaa. Bwanangu ni Mutiso. Karatasi ni ya kunipeleka kwake. Na mimi naskia njaa. Niko na akili ama sina?"

Unayo, mama, na inakata! Nikaanza kumsomea, aya kwa aya, kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza alikijua. Nilipofika aya ya nne, "kwamba tuna watoto wawili," akaniwekea mkono kwenye karatasi.

"Na huyu nimeazima kwa jirani?"

Loo! Mimi niliyemnasa Nduku kwa hesabu hiyo hiyo asubuhi, nilikuwa karibu kuisahau mchana! Hati iliyokuwa kweli saa saba ilikuwa imegeuka uongo saa nane. Nikaikataa mara ya tatu. Nikatoka nayo na Nduku, na pale kwenye benchi, mlangoni pa wodi, Bwana Musyoka akafungua sanduku, akaiweka mashine magotini, na vidole vile vinne vikaanza. Ta-ta-ta-ta! Mtoto mmoja wodini akaamka, akamwamsha wa pili, na punde wodi yote ikawa kwaya. Sista alitoka amefura. Bwana Musyoka akavua kofia bila kuacha kupiga: "Mistari mitano tu, Sista wangu."

Alipofika kwenye majina akasimama. Kyalo, Mwongeli, na... Akanitazama. Nikamtazama Nduku.

Wakati huo huo akawasili mama mkwe. Alikuwa ametoka Mwala tangu asubuhi aliposikia habari, uji kwenye chupa ya chai, leso mbili mabegani. Wote walimwita Susu, yaani nyanya. Alimpokea mtoto pale mlangoni, akamtemea baraka kifuani, na nilipomuuliza jina la mtoto alinitazama kana kwamba nimeuliza siku atakayokufa.

"Jina ni siku ya tatu."

"Susu, karatasi inahitaji jina leo."

"Karatasi ndiyo imezaa?"

"Tupige tu jina lolote," Nduku akasema, "tutabadilisha baadaye."

"Siwezi. Utakuwa uongo."

"Basi acha nafasi wazi, bwanake ajaze huko huko!"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi." Na hapa nawaambia nanyi: msipige kamwe muhuri juu ya hati yenye nafasi tupu. Nafasi tupu ni mlango usio na komeo. Leo litaingia jina la mtoto, kesho jina la mtoto asiyejulikana hata na mama yake, na muhuri wako uko pale chini unasema ulimwona. Nikaikataa mara ya nne. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika tano, na mimi, msomi, mwenye cheti ukutani, nilikuwa nikiigeuza karatasi ile mbele na nyuma.

Susu alikuwa akimpangusa mjukuu wake masikio. Akasema bila kuinua macho, "Kwani mnagombana nini? Mtoto ako na jina?"

"Hana, Susu."

"Basi si uandike hana."

Bwana Musyoka akakohoa kuficha kicheko, akaingiza karatasi mpya. Na hivi ndivyo ilivyosomeka ile aya, ninaikumbuka neno kwa neno: *na mtoto mchanga wa kike, aliyezaliwa leo, ambaye bado hajapewa jina, kwa kuwa desturi ya jamii yetu ni kumpa mtoto jina siku ya tatu.*

Hakuna nafasi tupu, hakuna uongo! Nikarudi ndani, nikamsomea Syombua hati yote upya. Akaketi, Nduku akamshikilia mgongo. Mkono wa kushoto ulibeba mtoto, wa kulia akauinua, akaapa kwa sauti ambayo vitanda sita viliisikia, na mama mmoja wa kitanda cha mwisho akajibu "Amina." Akasaini. Nami nikaweka sahihi yangu, tarehe, jina la mji. Nikaingiza mkono mkobani kutoa ile mashine ya muhuri, ile ya chuma inayobana karatasi.

Mkobani hamkuwa na kitu.

Ilikuwa ofisini! Nilikuwa nimeifungia drooni kama nilivyofanya kila mara, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Bwana Musyoka akafungua mdomo kusema ataenda, akaufunga mwenyewe. Alijua. Muhuri wa notari hauchukuliwi na mkono mwingine, hata mkono wa Musyoka. Saa tisa na dakika thelathini na tano.

Nikavua viatu.

Msicheke! Vilikuwa vya visigino, na njia ilikuwa ya changarawe. Nikashika viatu mkono mmoja, bahasha mkono mwingine, Nduku nyuma yangu ananihimiza, "Mama Wakili, kaza! Kaza!" Tulipopita sokoni wauza nyanya wakasimama. "Mama Wakili, umeshtakiwa?" mmoja akaita, na wengine wakaangua kicheko. Sikuwa na pumzi ya kujibu. Nikapanda ngazi zangu, nikafungua droo, nikaweka kile kibandiko chekundu, nikabana kwa mikono yote miwili. Krrk! Sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Bahasha ikafungwa, tukashuka tena.

Mwalimu Kimeu alikuwa mguu mmoja ndani ya gari, mwingine chini, jicho kwenye saa. "Dakika mbili," akasema. Nilimpa bahasha. Akaniangalia miguu yangu, nyekundu kwa vumbi. "Imekamilika?"

Niliweza tu kuitikia kwa kichwa. Gari likaondoka. Mimi na Nduku tukakaa kwenye ukingo wa barabara, mawakili wenzangu wanapita na kunisalimia kwa mshangao, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Miezi miwili baadaye wakili wa Kanada aliniandikia. Jioni ile ile ya Ijumaa Nduku alikuwa amempigia Mutiso simu kumpa habari, na Jumatatu asubuhi Mutiso, kwa furaha yake, akamwambia kila mtu pale ofisi ya uhamiaji kwamba amepata binti, pamoja na afisa aliyeshika faili lake. Hati ilipofunguliwa, ilisema vilevile. Kama ingesema watoto wawili, aliandika wakili huyo, wangeanza kuuliza ni lipi jingine lililofichwa. Waliomba tu cheti cha kuzaliwa kikipatikana, na jina lake. Siku ya tatu Susu alikuwa amemwita Kamene, jina la mama yake mwenyewe.

Kompyuta ziliingia ofisini kwetu miaka iliyofuata, kisha mashine za kunakili sahihi ya mtu na kuibandika popote kama stempu. Bwana Musyoka alistaafu akiwa anaziangalia kwa jicho la pembeni. Mbinu zitabadilika tena, na nyinyi mtazijua kuliko mimi. Lakini binadamu aliyekaa mbele yako, mwangalie. Mwangalie mpaka umwone tumbo!

Syombua alikuja kuniaga mwaka uliofuata, siku ya kuondoka, na watoto wake watatu na pacha wake na mama mkwe. Walijaza ofisi. Walipokuwa wakiagana na Bwana Musyoka, Susu alikaa peke yake mbele ya meza yangu, akaweka karatasi juu yake. Ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, hauna neno hata moja.

"Niandikie hapa kwamba watarudi," akasema. "Halafu piga ile yako nyekundu."

Niliusukuma ule ukurasa polepole kuelekea kwake.

"Susu, mtu huapa kwa jambo lililotokea, au lililopo. La kesho hakuna anayeweza kuliapia, nami siwezi kulipigia muhuri."

"Hata mimi unanikatalia?"

"Hata wewe, Susu."

Akaikunja karatasi yake polepole, mara mbili, akaitia kifuani. Ni Syombua aliyekuja, akapiga magoti sakafuni mbele ya mama mkwe wake, akamwekea Kamene mapajani, akaanza kumwambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Nilisimama, nikawaashiria wengine, tukatoka sote na kuwaachia ofisi.

Walikaa humo karibu saa nzima. Wateja watatu walikuja wakakuta mlango umefungwa na wakili amesimama kwenye ngazi. Niliwaambia wangoje, wakangoja.